Haki Ifike Hadi Kwenye Mizani

Mgeni yeyote anayefika Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mradi wa haki ya kiuchumi, mimi humuuliza jambo moja kabla hatujaenda mbali: mwisho wa yote, pale kwenye mizani, mkulima atapata ngapi? Sipingi mikutano wala matamko. Nimekaa katika kampeni hizi kwa miaka mingi, nimetafsiri hotuba zake, nimebeba mabango yake katikati ya mji huu jua likiwaka na mvua ikinyesha, na nitayabeba tena. Ila nimeshaona ushindi mkubwa ukipatikana mbali, ukashangiliwa, halafu ukaanza kuteremka kuja kwetu, na kila aliye juu akimsukumia gharama aliye chini yake, mpaka zikamwangukia mtu asiye na wa kumsukumia.

Mimi ni mtoto wa Kalehe. Anayeijua barabara ya Bukavu kwenda Goma, ile inayofuata ziwa upande wa magharibi, anajua Kalehe ilivyo: kahawa ya arabika kwenye miteremko inayotazama maji, na huko Nyabibwe, katika mlima wa Kalimbi, kasiterite, jiwe linalotoa bati. Katika familia nyingi, yetu ikiwemo, shamba ni la akina mama na shimo ni la vijana. Bei ikibadilika New York au London, sisi tunaiona kwenye sufuria kabla ya kuisikia redioni.

Hadi Julai 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza kahawa kati ya nchi na nchi, ili bei isiporomoke. Mkataba ulivunjika, bei ikaanguka, na kufikia mwaka 2001 ratili moja ya arabika ilikuwa chini ya senti 50 za dola katika soko la New York. Huku kwetu tayari kulikuwa na vita. Mitambo ya kuoshea kahawa ilikuwa imekufa, barabara zimekatika, na aliyetaka kuuza nje kwa njia halali alikutana na kodi na makaratasi yasiyoisha. Basi watu wakapakia kahawa kwenye mitumbwi, wakavuka usiku kwenda Rwanda, wakarudi na chumvi, sabuni na sukari. Ziwa Kivu halina huruma na mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Wengi walizama, ndugu wa mama yangu mmoja wao. Ziko sehemu za kisiwa cha Idjwi na za Kalehe ambako ukiita mkutano wa wakulima wa kahawa, safu za mbele zote ni wajane. Mtu akiniuliza kwa nini nilijiunga na kampeni za biashara ya haki, jibu ni hao. Sikuhitaji kitabu.

Januari 2007 nilikwenda Nairobi kwenye Kongamano la Kijamii la Dunia, pale uwanja wa Kasarani. Tulisafiri kwa basi kupitia Kigali na Kampala, tukiwa tumebanana na mabunda ya vipeperushi vyetu vya Kifaransa. Ndani ya uwanja kulikuwa na mahema mengi na mazungumzo mazito, hasa juu ya mikataba ya ubia wa kiuchumi ambayo Umoja wa Ulaya ulitaka nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki zitie sahihi kabla mwaka haujaisha. Nilijifunza mengi humo. Lakini kilichonibadilisha kilikuwa nje. Wakaaji wa mitaa ya mabanda walilalamika kwamba kiingilio kiliwazidi uwezo, na vijana wa Bunge la Mwananchi, baraza la mijadala la wananchi wa kawaida, wakafungua mkutano wao katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji, bila malipo. Nilikaa nao. Mama wa kuuza maandazi alisimama akaeleza bei ya unga, bei ya mafuta na kodi ya chumba, na kila aliyekuwepo alimwelewa, kisha wakaanza kubishana naye kama watu wanaojua wanachobishania. Sikuwahi kuona hivyo katika semina zetu. Tuliporudi Bukavu, vile vipeperushi vya Kifaransa tuliviacha ofisini. Kampeni tukaihamishia Kadutu, mtaa wa Bukavu, sokoni na parokiani, kwa Kiswahili.

Somo la kwanza huko Kadutu lilikuwa deni la taifa, na waliotufundisha ni wauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Tulifika na maelezo yetu, mama mmoja akaacha kupanga samaki wake akauliza: "Nani alikopa? Alikopa lini? Alinunua nini?" Maswali matatu, na yote ya haki. Tukaeleza miaka ya Mobutu, tukaeleza laini ya umeme ya Inga hadi Shaba (Katanga), karibu kilomita 1,700, iliyojengwa kwa mikopo na kupita juu ya vijiji ambavyo hadi leo vinawasha vibatari. Mama akasema: "Basi alipe aliyewasha taa." Sijapata kusikia hoja ya deni haramu ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Tarehe 1 Julai 2010 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walitangaza kwamba Kongo imefika mwisho wa mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na kwamba itapata nafuu ya dola bilioni 12.3. Tulifurahi kweli. Wiki hiyohiyo nilipopita Kadutu, yule mama aliniita: "Binti yangu, Septemba ada ya mtoto itapungua?" Nikamweleza kwamba kufutwa kwa deni kunaziacha pesa katika hazina, ila kuzitoa hazina mpaka darasani ni kazi nyingine ambayo haijafanyika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi njooni na hiyo," akasema. Elimu ya msingi ya bure ilitangazwa Septemba 2019. Hesabu mwenyewe watoto waliokulia katikati ya hapo.

Julai hiyohiyo, tarehe 21, Rais Obama alitia sahihi sheria kubwa ya fedha ya Marekani, Dodd-Frank. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502. Kampuni zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya Marekani zilitakiwa kueleza kama bati, tantali, tangsteni au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au nchi jirani, na kama iliwanufaisha wenye silaha. Huku watu waliiita sheria ya Obama. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi.

Nia yake ilikuwa njema na nilikuwa upande wake. Anayejua yaliyowapata wanawake wa Kivu hawezi kucheka kampeni ya kuwakatia fedha watu wenye bunduki. Lakini Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Marufuku yalipoondolewa, viwanda vya kuyeyusha madini vilikuwa vinajiandaa kwa sheria mpya, na kuanzia Aprili vingi vikakataa madini yasiyo na lebo ya kuonyesha yalikotoka. Huku kwetu mlima mzima haukuwa na lebo hata moja. Hakuna aliyekuwa ameziandaa.

Nendeni Nyabibwe muulize mwaka ule ulikuwaje. Wachimbaji waliteremka mlimani wakiwa na beleshi begani, wakakaa barazani. Waliouza unga, mafuta na kanga wakafunga vibanda kimoja baada ya kingine, kwa kuwa wateja wao wote walikuwa wakila kutoka kwenye mashimo. Katika kituo kimoja cha afya niliwakuta wazazi waliokwisha kujifungua zamani, watoto mgongoni, hawaruhusiwi kuondoka kwa sababu bili haijalipwa, na waume hawana pa kuitoa. Vijana walioweza kusafiri walikimbilia dhahabu, ambayo inaingia mfukoni na haiulizwi lebo na mtu. Wengine walichukua bunduki. Sheria iliyotungwa ili kuwanyima watu wenye silaha chakula iliwasogezea vijana wetu, na sisemi hayo kwa kusikia.

Lebo zilianza kufungwa Kalimbi mwishoni mwa 2012, katika mpango uliosukumwa na serikali ya Uholanzi. Nilikwenda kutazama. Ni kipande cha plastiki chenye namba, kinafungwa shingoni mwa mfuko. Ajenti wa serikali anapima, anaandika uzito na namba kwenye daftari, mfuko unateremka hadi kwa negosian, yaani mnunuzi wa kati, naye anafunga lebo ya pili na kuandika tena. Kazi safi, ukiitazama. Nikamuuliza kijana aliyeleta mfuko kama anajua lebo inalipiwa na nani. Akasema ni ya bure, wamepewa. Nikapanda ngazi kinyume. Mnunuzi wa nje alikuwa ameikata kwenye bei ya msafirishaji, msafirishaji akaikata kwa negosian, negosian akaikata kwenye bei ya kilo anayompa kijana. Yeye ndiye aliyelipa, na hakuna aliyemwambia.

Septemba 2014 wataalamu na wanaharakati 70, Wakongo na wageni, walitoa barua ya wazi wakisema mambo haya haya: kwamba kampeni ya madini ya vita ilipangwa bila kuwasikiliza watu wa machimboni, na matokeo yake yamewaangukia wao. Ulaya walipotunga sheria yao ya 2017, iliyoanza kufanya kazi Januari 2021, hawakuitaja Kongo na majirani zake peke yake. Iliangalia maeneo yote ya dunia yenye migogoro. Hiyo ilisaidia kidogo. Mpaka leo mtu akinionyesha kampeni nzuri ya kuwabana wanunuzi, namuuliza miezi ya kujiandaa iko wapi, na katika mkataba ni mstari gani unaotaja mlipaji. Asipokuwa na jibu, anajibu badala yake yule kijana wa mfuko.

Kahawa imetufundisha kwa njia ya upole zaidi. Mwaka 2003 wakulima wa upande wa Minova walianzisha koperative ya SOPACDI, na mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki. Nyingine zilifuata, pamoja na hii ninayofanya nayo kazi. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanachama bei, na nilichagua kuieleza sakafuni. Katika stoo ya kituo cha kuoshea kahawa, tulichora kwa chaki mstari mrefu kutoka mlangoni hadi ukutani. Mlangoni tukaandika bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa, ile ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake, wakati ule dola 1.40 kwa ratili, ambayo ni kama dola 3.09 kwa kilo ya kahawa safi. Halafu tukatembea. Hatua hii ni kukoboa, hii ni magunia, hii lori hadi bandari ya Mombasa, hii vyeti, hii kodi, hii riba ya mkopo. Tukafika ukutani, ambako kilo sita au saba za kahawa mbivu zinasubiri kuwa kilo moja safi. Wanachama walisimama juu ya mstari wenyewe, kila mmoja mahali alipotaka kuuliza. Umati mkubwa ulisimama kwenye riba. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kuwafikisha hapo.

Ukaja mjadala wa nyongeza ya jamii, fedha ambazo mnunuzi wa Fairtrade huongeza juu ya bei, senti 20 kwa kila ratili. Kontena moja ni magunia 320 ya kilo 60, tani 19.2, nyongeza yake inafika dola 8,460 hivi. Si utajiri, lakini zinapigiwa kura, na nimeona watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu wakibishana juu yake mpaka giza likaingia. Wanaume wengi walitaka daraja. Akina mama walitaka mizani. Walisema mizani ya ukusanyaji huja na mtu na huondoka na mtu, na hakuna anayejua inasema nini. Mama mwenyekiti wa kamati yao alisimama na maneno machache: "Daraja litapitisha kahawa iliyoibwa." Mizani ikanunuliwa kwanza. Kila asubuhi ya mavuno, kabla ya kilo ya kwanza kupokelewa, wanatundika mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na yeyote aliyefika anasoma mshale kwa sauti. Daraja lilifuata baadaye, na lingali limesimama.

Bei ya chini ni ngao ya siku mbaya, na siku mbaya zilikuja: mwaka 2019 New York ilishuka chini ya dola 1 kwa ratili, sisi tukalipwa 1.40. Hapo hata wenye mashaka walielewa. Lakini mapema 2022 New York ilipita dola 2.50, na wanunuzi wa pembeni wakapanda milima na makuta, yaani pesa, mkononi. Wanachama wakauza huko. Ofisini wengine waliwaita wasaliti. Mimi nilikataa neno hilo na ninalikataa hadi sasa. Ada ya shule haingoji kontena lifike Mombasa. Koperative isiyo na fedha za kununua siku ya mavuno inampa mkulima karatasi, wakati jirani anampa noti. Kanuni za Fairtrade zinasema koperative ikiomba, mnunuzi asaidie malipo ya awali hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Neno ni "ikiomba". Nimekutana na koperative zenye cheti ukutani ambazo hazijawahi kuomba, kwa kuogopa kumpoteza mnunuzi. Tangu hapo sehemu kubwa ya kampeni yangu ni barua za kuomba, za heshima lakini zisizopindisha, zikitaja kanuni na tarehe ya mavuno. Kwenye picha haipendezi. Ndiyo iliyoleta fedha mlimani.

Bei ya chini ilipandishwa hadi dola 1.80 kuanzia Agosti 2023, baada ya miaka mingi ya wazalishaji kuipigania ndani ya mfumo wenyewe, ambako leo wana nusu ya kura katika mkutano mkuu. Hapo nawapongeza waliohusika, wa huku na wa Bonn, kwenye makao makuu ya Fairtrade.

Kisha ikaja 2025. Mwishoni mwa Januari M23, kundi la waasi, iliingia Goma, katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Mwezi huohuo wa Februari kahawa ilipita dola 4 kwa ratili New York, bei isiyowahi kuonekana, na mavuno yetu makubwa yalikuwa mlangoni. Fikiria mkulima anayesikia redioni kwamba kahawa yake haijawahi kuwa na thamani kiasi hiki, na koperative yake haiwezi kutoa noti moja benki. Tulilipa kwa pesa za simu tulivyoweza, mawakala wakikata chao kila hatua. Mitumbwi ya usiku ikarudi kuzungumziwa. Siku hizo nilipokea ujumbe kutoka Ulaya ukiniomba maoni juu ya nembo mpya ya kampeni. Nilijibu kwa adabu kwamba maoni yangu ni fedha taslimu kufika Kalehe kwa njia salama.

Na sasa kuna sheria nyingine, ya Umoja wa Ulaya, ya 2023, juu ya ukataji wa misitu. Kahawa itakayoingia huko lazima ijulikane imetoka shamba gani hasa, kwa vipimo vya ramani, na shamba hilo lisiwe limefyekwa kutoka msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Msitu wa Kahuzi-Biega uko juu yetu, nautaka ubaki, na watoto wangu wanautaka. Mashamba yetu ya kahawa mengi ni ya babu zetu, hayana hatia yoyote. Lakini nani atatembea mteremko kwa mteremko na simu mkononi, katika nchi ambayo kupita kutoka kijiji hiki hadi kile kunahitaji kuuliza nani yuko barabarani leo? Tena mtu akija kupima shamba lako wakati wa vita, una sababu ya kumwogopa. Mzee mmoja wa Kalehe alimwambia kijana wetu wa vipimo: "Mwanangu, ramani ya shamba langu mkishaipeleka Ulaya, kesho nani atakuja nayo?" Kijana hakuwa na la kumjibu, nami sikumlaumu.

Safari hii hatukungoja sheria ituteremkie. Wanachama walikaa, wakaandika barua kwa wanunuzi wote: gharama ya kupima mashamba iandikwe katika mkataba kwenye mstari wake, isikatwe katika bei ya kilo; ramani asilia ibaki mikononi mwa koperative, mnunuzi apewe kile tu sheria inachodai; na shamba ambalo halijafikiwa kwa sababu ya vita lisihesabiwe kama shamba lililofyeka msitu. Tulisoma barua hiyo kwa sauti sakafuni palepale, mstari baada ya mstari, mpaka hakuna aliyebaki na swali. Wanunuzi wawili wamekubali jambo la kwanza. La ramani linajadiliwa na wanasheria wao. Wengine hawajajibu, na barua ya pili itaondoka juma lijalo, ikiwa na sahihi na alama za vidole za wanachama wenyewe badala ya muhuri wa ofisi.